Kiinua Mgongo Hakiinui Magoti

Malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi wa umma siku ya kustaafu tumeyaita kiinua mgongo. Jina hilo limebeba picha ya mtu aliyeinama miaka thelathini na zaidi akiitumikia nchi, ambaye sasa anasaidiwa kunyooka. Nimelitafakari jina hilo mara nyingi tangu mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alipotumia salio la kiinua mgongo chake kununua mashine ya umeme ya kuchochea misuli. Hakuweza tena kuinuka kitini bila kushikwa mkono, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba umeme utamwinua.

Naandika makala haya kwa hasira, na ni haki msomaji aijue hasira hiyo imetoka wapi kabla sijaanza kuhoji sera za nchi.

Mjomba aliugua nimonia akiwa na miaka sitini na sita. Alilazwa hospitali wiki mbili na nusu. Mapafu yalitibiwa vizuri, na kwa hilo nawashukuru waliomhudumia. Lakini katika siku zote hizo hakuna aliyemwinua kitandani na kumtembeza. Aliagizwa apumzike, naye, kwa utii wa walimu wa kizazi chake, akapumzika. Aliruhusiwa kurudi nyumbani na mfuko wa dawa, mapafu yamepona na miguu imekwisha. Mkaza mjomba, mwanamke aliyekuwa akiuza vitafunwa mbele ya nyumba yao tangu nikiwa mtoto, akaacha biashara yake ili awe mkongojo wa mumewe.

Miezi michache baadaye, katika mkusanyiko wa wastaafu, akatokea kijana aliyevaa koti jeupe, ambaye hakuwa tabibu wala muuguzi. Alikuwa na mashine yenye nyaya na pedi za kubandika, pamoja na ahadi: mwendo wa ujana ndani ya siku thelathini, bila jasho, ukiwa umeketi unasikiliza redio. Bei yake ilizidi pensheni ya mjomba ya miezi minne. Mjomba akanipigia simu. “Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu nitazamie kama maneno haya ni ya kweli.”

Sikutazama. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikamtumia kwa simu pesa zilizopungua, nikajiona mpwa mwema. Wiki tatu baadaye alikuwa na kidonda cha kuungua kwenye muundi. Mjomba ana kisukari, na miguu yake imepoteza hisia kwa sehemu kubwa. Pedi ilikuwa imekauka, naye akawa anaongeza nguvu ya umeme kwa kuwa hakuhisi kitu. Kidonda kilichukua miezi kupona. Mimi, mwenye shahada tatu, ndiye niliyechangia kukinunua.

Baada ya hapo nilisoma, na niliyoyasoma yameniondoa katika makundi mawili yanayopigizana kelele juu ya jambo hili: la wanaouza miujiza, na la wanaosema kila kitu ni utapeli.

Tuanze na haki ya mashine yenyewe. Wazo la kwamba umeme huukunja msuli si la jana. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 maelezo ya majaribio yake juu ya miguu ya vyura iliyoruka ilipoguswa na umeme. Katikati ya karne ya 19 tabibu Mfaransa Guillaume Duchenne alikuwa akitumia umeme kuchunguza na kutibu misuli ya wagonjwa. Katika miaka ya 1970 Yakov Kots wa Umoja wa Kisovieti alieleza kwamba wanariadha waliochochewa misuli kwa umeme waliongezeka nguvu, kwa viwango ambavyo watafiti wa Magharibi waliojaribu kuirudia kazi yake hawakuvifikia kwa urahisi. Leo mtaalamu wa fiziotherapia hubandika pedi juu ya msuli wa mbele ya paja, hupitisha mkondo kwa sekunde chache, msuli ukakaza, kisha hukata mkondo msuli ukapumzika, na hurudia hivyo kwa dakika ishirini au thelathini.

Kazi hiyo ina manufaa. Mwaka 2016 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya tafiti zilizohusisha watu wapatao 900 wenye magonjwa mazito ya mapafu, ya moyo na saratani. Mapitio hayo yalionyesha kwamba uchocheaji wa umeme huiongezea nguvu misuli ya mapaja, na kwamba unaweza kumfaa mgonjwa asiyeweza mazoezi ya kawaida, ingawa ubora wa ushahidi ulikuwa wa wastani au wa chini. Huko Erlangen, Ujerumani, watafiti wamewavisha wazee wa miaka sabini na zaidi mavazi maalumu yenye pedi mwilini kote, kwa vipindi vya dakika ishirini hivi, mara moja au mbili kwa wiki, chini ya usimamizi na pamoja na nyongeza ya protini katika chakula. Misuli iliongezeka kwa kiasi cha wastani. Haikuwa miujiza, lakini haikuwa bure.

Kwa hiyo ninapoishambulia biashara ya mikanda ya umeme simaanishi kwamba umeme haufanyi kazi. Hufanya kazi kwa mtu fulani, kwa muda fulani, mikononi mwa mtu anayejua. Mgonjwa aliyelazwa asiyeweza kusimama, mwenye pumzi fupi kiasi kwamba hatua kumi zinamlemea, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti na paja lake limegoma kuitika, umeme ni daraja kwake. Huulinda msuli usiishe wakati mwenyewe hawezi kuutumia. Daraja, hata hivyo, hujengwa ili watu wavuke, na aliyemuuzia mjomba alimwambia ahamie darajani.

Sababu ya kutohamia huko iko ndani ya mwili wenyewe. Mtu anapoinuka kitini kwa hiari yake, ubongo huita nyuzi za misuli kwa zamu na kwa mpangilio: zile ndogo zisizochoka upesi kwanza, kubwa zenye nguvu baadaye. Wakati huohuo hupima mizani ya mwili, husikiliza nyayo, huelekeza macho, hurekebisha kiuno. Umeme wa pedi hauna mpangilio huo. Huziamsha nyuzi zilezile zilizo karibu na pedi, zote kwa pamoja, ndiyo maana msuli unaochochewa kwa umeme huchoka haraka. Tena haumfundishi mtu kugeuka bila kuyumba wala kukanyaga kizingiti gizani. Mzee haanguki kwa udhaifu wa paja pekee. Huanguka kwa sababu mwili wake umesahau mazungumzo kati ya paja, sikio, jicho na unyayo, na mazungumzo hayo hufufuliwa kwa kutembea, kusimama, kuketi na kusimama tena.

Ukweli huu haukuhitaji teknolojia mpya. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Boston, katika makao ya wazee, kwa watu dhaifu kumi wenye umri wa miaka tisini hivi. Waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Wale waliomaliza, nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 kundi hilohilo likaongeza utafiti mkubwa zaidi, wa wazee 100 wenye umri kati ya miaka 72 na 98, na nguvu ya waliofanya mazoezi ikapanda kwa asilimia 113. Huko New Zealand, mpango wa mazoezi ya nyumbani uitwao Otago, unaotumia vizito vya kufunga kifundoni na matembezi, umepunguza maporomoko ya wazee kwa takribani theluthi moja. Vifaa vyake vinaingia katika kikapu cha sokoni.

Kinyume chake nacho kimepimwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku kumi tu. Katika siku hizo kila mmoja alipoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Nami nikauliza: mjomba wangu, ambaye hakuwa na afya njema, aliyelala siku kumi na saba akiwa na homa na hamu ya chakula imemwisha, alipoteza kiasi gani? Hakuna aliyepima. Hakuna fomu yenye mstari wa kujaza jambo hilo.

Hapa ndipo hoja yangu inapoiacha mashine na kuwageukia watu. Ukosefu huu wa mstari katika fomu ni uamuzi wa kisiasa, hata kama hakuna kikao kilichokaa kuupitisha. Tumejenga mfumo wa afya unaohesabu waliotoka wodini wakiwa hai, usiohesabu waliotoka wakitembea. Mgonjwa akifa tunaandika. Akipoteza uwezo wa kwenda chooni mwenyewe hatuandiki, kwa sababu gharama ya hasara hiyo haiingii katika kitabu chochote cha serikali. Huingia katika mwili wa mwanamke mmoja aliyeacha kuuza vitafunwa. Kila mzee tunayemlaza kizembe, tunamwajiri bila mshahara mke, binti au mkwe wa kumwinua. Wanaharakati wa haki za wanawake wanaosoma ukurasa huu, suala la misuli ya wazee ni lenu pia.

Pengo hilo lililoachwa na dola ndilo mfanyabiashara analolijaza. Mwenye mkanda wa umeme hakuiba mtu aliyekuwa mikononi mwetu. Alimwokota mtu tuliyekuwa tumekwisha kumtupa. Ndiyo maana maneno yake yana nguvu: ndiye wa kwanza, baada ya miezi mingi, kumwambia mzee kwamba miguu yake ina thamani. Uongo wake umepata wasikilizaji kwa kuwa ukweli haukutuma mjumbe.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliwafungulia mashtaka wauzaji wa mikanda ya umeme ya tumbo waliotangaza kwamba mkanda huleta matokeo ya mazoezi bila mazoezi. Ujerumani, iliyojaa studio za mavazi ya umeme, imeweka kanuni zinazomtaka anayewahudumia watu kwa vifaa hivyo awe na ujuzi uliothibitishwa. Haikufanya hivyo kwa kupenda urasimu. Umeme mkali wa mwili mzima, hasa siku ya kwanza, unaweza kuivunja misuli kiasi kwamba mabaki yake humwagika katika damu, mkojo ukageuka rangi ya chai nzito, na figo zikawa hatarini. Mwenye kifaa cha moyo cha kurekebisha mapigo hapaswi kubandikwa pedi bila idhini ya daktari wake. Mwenye damu iliyoganda mguuni, mwenye kifafa, mwenye kidonda, na mwenye ganzi ya kisukari kama mjomba, kila mmoja ana onyo lake. Yule kijana wa koti jeupe hakuuliza hata swali moja kati ya haya. Aliuliza pesa zingelipwa kwa njia gani.

Sisi hatukosi vyombo. Tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopewa kazi hiyo waziwazi tangu 2019 ilipopokea jina na majukumu yake ya sasa. Kifaa kinachouzwa kwa ahadi ya kutibu udhaifu wa misuli ni kifaa tiba, kiwe kimeuzwa dukani, mtandaoni au katika ukumbi wa mkutano wa wastaafu. Wala hatukosi maandishi. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka dola iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee tuliiandika mwaka 2003. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, mwaka uleule ambao Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao katika mifumo ya afya. Hospitalini tumebandika mabango yanayosema mzee apishwe kwanza. Ni adabu njema. Lakini mzee anayepishwa kwenye foleni ya dawa, kisha akafika dirishani na kukuta kwamba huduma ya kumrudishia miguu haipo, amepishwa kuelekea ukutani.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kuyasikia kutoka kwa marafiki walioko maofisini.

Wa kwanza atasema bajeti haitoshi: watoto wanakosa madawati, akina mama wanakufa wakijifungua, nawe unadai mazoezi ya wazee. Namheshimu, lakini amekosea hesabu. Sidai mavazi ya Erlangen katika kila zahanati. Kipimo kimoja kinachotumiwa na wataalamu wa Ulaya kumtambua mzee aliyeishiwa nguvu kinahitaji kiti na saa: mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano, na akizidi sekunde 15 achunguzwe zaidi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kujifunza hilo asubuhi moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu. Kwa hayo panahitajika kiti, ukuta wa kushikilia na mtu wa kuelekeza. Gharama kubwa ni ya yule mtu wa kuelekeza, nayo ndiyo tunayoikwepa. Tunawasomesha vijana fiziotherapia, pale KCMC Moshi na kwingineko, kisha wilaya nyingi zinaendelea kuhesabu nafasi zao kuwa anasa.

Wa pili atasema uzee ni uzee, mwache mzee apumzike. Hili ndilo jibu linaloniudhi zaidi, kwa kuwa limevaa kanzu ya heshima. Tumeufanya utulivu wa mzee kuwa alama ya malezi mema: mwana mwema ni yule ambaye babake hanyanyui ndoo wala hainuki kitini. Mababu zetu walipalilia mpaka siku zao za mwisho, na waliposema palipo na wazee hapaharibiki neno, hawakumaanisha wazee waliofungiwa chumbani kama vyombo vya wageni. Kumpumzisha mtu hadi miguu yake iishe ni kumdhulumu kwa upole.

Wa tatu atasema soko ni huru, kila mtu ana haki ya kununua atakacho. Uhuru wa kununua unamhitaji mnunuzi mwenye habari. Mjomba alitafuta habari. Alimuuliza msomi wake, na msomi alikuwa na shughuli nyingi. Kosa langu ni dogo ukililinganisha na la taifa, lakini ni la aina moja: tuliulizwa na mzee swali la kweli, tukamjibu kwa pesa.

Nadai basi mambo manne, na nayaandika ili mtumishi wa umma anayesoma aweze kuyanakili katika dokezo lake.

La kwanza, kila mgonjwa mwenye miaka sitini na zaidi anayelazwa apimwe uwezo wa kusimama na kutembea siku anayoingia na siku anayotoka, na tofauti iandikwe katika jalada. Kinachoandikwa huulizwa.

La pili, fiziotherapia ihesabiwe kuwa tiba katika kitita cha msingi cha bima ya afya kwa wote, si ziada ya mwenye nacho, na ikama ya kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi zake zilizojazwa. Mashine ya kuchochea misuli ikae hapo, mikononi mwa mtaalamu, kwa wale wasioweza bado kusimama.

La tatu, vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa ahadi za tiba visiuzwe bila usajili na bila maelezo ya Kiswahili yanayotaja nani asivitumie. Mifuko ya pensheni na vyama vya wastaafu visimkabidhi kipaza sauti muuzaji yeyote ambaye bidhaa yake haijakaguliwa.

La nne, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kile kipimo cha kiti na mazoezi machache ya nyumbani. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka sabini, ikaonyesha kwamba tukiamua kumtambua mzee kwa sababu tu ni mzee, tunaweza. Kinachopungua si uwezo wa kufikiri.

Kwa wanafunzi wangu nina neno moja la ziada. Mtakaporudi makwenu likizo, mtaombwa na wakubwa zenu mtazame jambo fulani kama ni la kweli. Tazameni. Usomi usiotazama swali la mjomba ni koti jeupe jingine.

Mjomba hakuishia kwenye kidonda. Kilipofunga, tulimpata kijana mtaalamu wa fiziotherapia aliyekubali kuja nyumbani Jumamosi. Wiki za mwanzo alitumia umeme juu ya mapaja, mbali na palipokufa ganzi, baada ya kuikagua ngozi na kumuuliza maswali ambayo muuzaji hakuuliza. Kisha akaiweka mashine kando, akaleta kiti kigumu cha mbao. Kuinuka mara tatu, kupumzika, kuinuka mara tatu. Mjomba alitukana kwa Kisambaa, jambo ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwalimu huyo. Baada ya miezi minne aliinuka mara tano kwa sekunde kumi na nane. Bado ni dhaifu kwa kipimo cha wataalamu, na bado husali akiwa ameketi. Lakini kwenda msikitini anakwenda mwenyewe, na mkaza mjomba amerudi kwenye meza yake ya vitafunwa.

Kijana yule tulimlipa kutoka mifukoni mwetu. Mtaa wa mjomba una wazee wengi ambao hawana mpwa mwenye mshahara, na Jumamosi humwona akiingia na kutoka kwetu.